Kufunga kingo za barabara kuna fedha, kubadilisha hakuna mwenyewe

Kipande kimoja cha ukingo wa chuma, ule wenye mawimbi mawili unaofungwa kwenye kona za milima na maingilio ya madaraja, kina urefu wa meta 4.32 na upana wa sentimeta 31. Kikiwa cha unene wa milimita 3 kina uzito wa karibu kilo 49; cha milimita 4 kinafika 65. Vibarua wawili wanakibeba, bolti nane zinakiunga na mwenzake, nguzo zinakishikilia. Kwenye hesabu hiyo ndogo imesimama biashara inayokua na barabara za Dodoma, nayo ina pande mbili zisizolingana hata kidogo. Kufunga kingo mpya kuna mkataba, kuna mkopo, kuna mhandisi msimamizi na hati ya malipo. Kubadilisha ukingo uliogongwa jana usiku hakuna mwenyewe.

Anayekatiza Ugogo kwa basi mchana anaona tambarare, mibuyu na majabali, na anaweza kujiuliza vyuma hivyo vinahitajika wapi. Vinahitajika zaidi pembezoni mwa uwanda. Ukitoka Iringa kuja Dodoma unaushuka mlima Nyang'oro kabla ya kufika Mtera, kona baada ya kona. Kaskazini, barabara ya Babati yenye kilometa 251, iliyofunguliwa Aprili 2018, inapita kwenye vilima vya Kondoa na Kolo kabla ya kuingia Bonga. Magharibi, ukishazipita Bahi na Kintinku, barabara inaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Na mbele ya Singida kuna Sekenke, mteremko ambao madereva wa malori ya Mwanza, Rwanda na Burundi wanauheshimu kama wanavyouheshimu mlima Kitonga. Hata kwenye tambarare yenyewe, barabara ikivuka mbuga hujengwa juu ya tuta ili maji ya mvua yapite kwenye makalavati. Gari likiacha lami juu ya tuta refu halitofautiani sana na gari lililoacha lami mlimani.

Usafiri nao umebadilika. Tangu Oktoba 1, 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa tena kusafiri saa 24, baada ya miaka mingi ya kulazimika kulala njiani. Dodoma iko katikati ya safari nyingi za kwenda Kanda ya Ziwa na magharibi, kwa hiyo abiria wengi sasa wanaupita uwanda huu usiku wa manane, saa ambazo usingizi wa dereva ni hatari kuliko kona. Wakati huo vibandiko vinavyoakisi taa, vinavyofungwa juu ya kingo, vinafanya kazi kubwa kama chuma chenyewe: vinamwonyesha dereva barabara inakokata kabla hajaifikia.

Kazi mpya iko wapi? Kubwa kuliko zote ni barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji la Dodoma, kilometa 112.3 za njia nne, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Februari 2022 na ambayo sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Inaunganisha Nala, Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa na Matumbulu. Barabara ya namna hiyo ina madaraja na matuta ya kupandia madaraja, na hapo kingo si pambo.

Lakini ndani ya mkataba mkubwa kama huo, kingo ni kitu kidogo. Katika Vielelezo vya Kazi za Barabara vya mwaka 2000, ambavyo makandarasi wa Tanzania wanavifahamu kuliko kitabu kingine chochote, ziko kwenye mfululizo wa 5000 pamoja na mawe ya kilometa, uzio, alama na michoro ya rangi, yaani kazi zinazofanyika lami ikishakauka. Ukingo unalipwa kwa meta, vichwa vyake vya mwisho vinalipwa kimoja kimoja. Mkandarasi mkuu, ambaye kwenye barabara nyingi za kanda hii amekuwa kampuni ya China, huagiza vyuma kwa makontena kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kinachobaki kwa kampuni ndogo ya Kitanzania ni kuchimba, kusimamisha na kukaza. Faida iko kwenye chuma, jasho liko kwenye shimo. Na kwa kuwa kazi hii inakuja mwishoni, inakutana na mradi ulioishiwa muda na fedha, kwa hiyo kishawishi cha kuziacha baadhi ya meta ni kikubwa.

Ufundi wake si mdogo kama unavyodhaniwa. Roho ya ukingo ni nguzo. Penye mashine, nguzo hupigiliwa ardhini kama msumari. Pasipo na mashine huchimbwa kwa sururu na mtarimbo kisha humwagiwa zege. Dodoma inamtesa fundi kwa njia mbili. Kwenye miamba inabidi kompresa, na meta kumi zinaweza kumla siku nzima. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, nguzo iliyosimama wima Julai inaweza kuwa imelala Aprili. Tena nguzo inahitaji udongo nyuma yake, kama sentimeta 60 hivi kabla tuta halijaanza kushuka. Ikiwekwa kwenye ncha kabisa ya tuta, ambako ndiko penye nafasi rahisi, gari likigonga nguzo inang'oka na udongo wake.

Kisha kuna kimo. Kwa miaka mingi kipimo kilichofuatwa sehemu nyingi duniani kilikuwa milimita 706 kutoka ardhini hadi juu ya ukingo. Wamarekani sasa wanatumia 787 kwa sababu magari yameongezeka urefu. Barabara inapofanyiwa ukarabati na tabaka la sentimeta 5 likamwagwa hadi kwenye mabega, ukingo unafupika kwa kiasi hichohicho bila mtu kuugusa. Ukingo mfupi ni hatari ya pekee: badala ya kulizuia gari refu, unalikwatua magurudumu na kulipindua upande wa pili. Mkataba wa ukarabati usiokuwa na mstari wa kuinua kingo unaharibu mali iliyokwisha kulipiwa.

Mambo mengine yanaonekana kwa macho ya abiria yeyote. Vipande vinapaswa kupandiana kwa kufuata mwendo wa magari, ili gari likiparuza lisikute ncha iliyochomoza. Mwisho wa ukingo unatakiwa kupindishwa mbali na barabara au kufungwa kifaa maalumu kinachomeza nguvu ya gari. Ile ncha iliyopanuliwa kama mkia wa samaki, ikaachwa ikitazamana na magari yajayo, inaweza kupenya injini na kuingia ndani hadi kwenye viti. Nina hakika kwamba kuna maeneo ambako kipande kifupi cha ukingo chenye ncha wazi ni kibaya kuliko kutokuwa na ukingo kabisa. Na pale ambapo tuta si refu, inafaa kujiuliza kama chuma kinahitajika. Mteremko uliolazwa, wa meta 1 kwenda chini kwa kila meta 4 za kwenda pembeni, unampa dereva nafasi ya kulirudisha gari. Kwenye ardhi pana ya Bahi au Chamwino, udongo wa kulaza mteremko mara nyingi una gharama ya kubebwa tu, na hauibiwi.

Ukweli ambao wasafiri wengi hawaambiwi ni huu: ukingo wa kawaida haukubuniwa kwa ajili ya lori. Kipimo cha Marekani kinachotumika zaidi kinajaribu ukingo kwa gari dogo la kilo 1,100 na pikapu ya kilo 2,270, mwendo wa kilometa 100 kwa saa, kwa pembe ya nyuzi 25. Ulaya wana daraja la juu linalojaribiwa kwa basi la tani 13 kwa kilometa 70, na jingine kwa lori la tani 38 kwa kilometa 65. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito wa jumla hadi tani 56. Lori la namna hiyo likishindwa breki Sekenke litaupitia ukingo mwepesi kana kwamba haupo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye mradi si meta ngapi zimefungwa, ni za daraja gani na mahali gani. Mei 6, 2017, pale Rhotia, Karatu, basi dogo la wanafunzi liliacha barabara mteremkoni likaingia korongoni, wakafa watu 35. Msiba ule ulitosha kututia nidhamu ya kuchagua kwanza sehemu zenye makorongo, na kuzipa chuma chenye uwezo wa kuzuia basi.

Tukirudi kwenye ubadilishaji, ndipo biashara inapokwama. Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, unatunza barabara kuu na za mikoa zenye zaidi ya kilometa 36,000, na fedha za matengenezo zinatoka hasa Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko ziende kwenye matengenezo, na hilo ni jema. Ila ndani ya matengenezo, ukingo uliopinda unashindana na shimo katikati ya lami na kalavati lililosombwa na maji. Shimo linalalamikiwa na kila anayepita. Ukingo uliopinda haumsumbui mtu mpaka usiku ambao gari la pili linaacha njia palepale, kwenye kona ileile iliyolishinda gari la kwanza.

Tena kiasi chenyewe hakimvutii mkandarasi. Ajali moja inaharibu pengine vipande vitatu na nguzo sita. Kumtoa fundi na gari Dodoma mjini hadi Kolo kwa meta 12, kuweka vibao vya tahadhari na watu wa kushika bendera, kunakula malipo yote. Kazi inasubiri hadi zikusanyike nyingi. Kisheria aliyegonga anapaswa kulipa, na bima ya gari ingebeba sehemu ya mzigo, hata kwa malori ya nje yenye Kadi ya Njano ya COMESA. Mara nyingi, hata hivyo, dereva ameshaondoka kabla ya polisi kufika, na ukingo uliopinda hauna namba ya usajili ya mtu yeyote.

Kuna kikwazo kingine ambacho mafundi wanakilalamikia. Vyuma havilingani. Kipande cha mfumo wa China kinafunika meta 4 kamili kikishapandiana, cha mfumo wa Marekani kinafunika meta 3.81, na matundu yanakaa tofauti. Barabara mbili zinazokutana Dodoma zinaweza kuwa na mifumo miwili, kila mmoja umekuja na mradi wake. Kipande kisipolingana, fundi anakitoboa kwa gesi au kukikata kwa grinda, na pale alipochoma, zinki inayokinga chuma na kutu inaondoka. Kwa bahati, hewa kavu ya Dodoma inahurumia chuma. Zinki nzuri inadumu huku muda mrefu kuliko Tanga au Mtwara. Kingo za uwanda huu haziuawi na kutu, zinauawa na magari na wezi.

Wezi nao wanajua uzito. Kilo 49 kwa kipande, na bolti zinazofunguka kwa spana ya kawaida, ni mtaji wa kutosha kwa mtu mwenye toroli. Wafanyabiashara wa chuma chakavu wanatakiwa kuwa na kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na chuma chenye mawimbi mawili hakina matumizi mengine yoyote nchini. Kikionekana kwenye mizani ya skrepa hakuna haja ya upelelezi mrefu. Kukamata anayebeba toroli bila kumgusa anayenunua ni kuupalilia wizi. Kiufundi, bolti za vichwa vinavyokatika vikishakazwa zinaongeza gharama kidogo sana kwa kila meta na zinamchosha mwizi.

Fursa kwa kampuni za ndani ipo, na sheria imeifungua. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, zabuni za hadi Sh50 bilioni zimetengwa kwa wazawa, na asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi inapaswa kwenda kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kubadilisha kingo ni kazi inayowafaa vijana waliotoka vyuo vya VETA, kwa sababu mtaji wake ni gari dogo, jenereta, kompresa ya kukodi na mafunzo ya wiki chache. Inachokosa ni mkataba wa kudumu. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, tayari unaingia mikataba ya pamoja kwa vifaa vinavyotumika kila siku serikalini. Bei ya ukingo, nguzo na bolti ikipangwa kwa namna hiyo, na mkandarasi mmoja akapewa njia nzima, tuseme Dodoma hadi Mtera, kwa miaka mitatu, alipwe kwa meta na atakiwe kufika ndani ya siku saba, hesabu inageuka. Ghala dogo Ihumwa lenye vipande mia mbili vya mfumo mmoja uliokubaliwa lingetosha kuanzia. Viwanda vya mabati vya Dar es Salaam vinajua kukunja chuma. Vikiona oda ya miaka mitatu vitanunua roli za kukunja mawimbi mawili bila kubembelezwa. Chuma chenyewe kitaendelea kutoka nje hadi mradi wa chuma wa Liganga uanze kuyeyusha.

Kalenda nayo ina sauti. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Zabuni ikiingizwa kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST Julai na kusainiwa Agosti, nguzo zinasimama kwenye udongo mkavu na zege linakomaa kabla ya mvua ya kwanza. Ikichelewa hadi Novemba, fundi anakuta mbuga ya Bahi imeshageuka tope, mashimo yanajaa maji kabla hajamwaga zege, na kazi inasogezwa hadi Mei, mabasi ya usiku yakiendelea kupita.