Tusimfukuze Shuleni Mwenye Moyo Dhaifu

Miongoni mwetu walimu wamo wanaodhani kwamba mwanafunzi mwenye ugonjwa wa moyo hana budi kukaa nyumbani akingojea siku zake. Dhana hiyo ni potovu, nasi yatupasa kuitupilia mbali.

Daktari asemapo kwamba moyo umeshindwa kufanya kazi, hamaanishi kuwa umesimama. Maana yake ni kwamba umedhoofika na hausukumi damu ipasavyo. Maji hujikusanya miguuni na mapafuni, na mgonjwa huhema kwa kazi ndogo tu. Kwa vijana wetu, chanzo kimojawapo ni homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15 baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ikaharibu vali za moyo.

Nimewahi kumfundisha mwanafunzi wa namna hiyo. Vidonge vya kupunguza maji mwilini vilimlazimu kwenda msalani mara kwa mara. Mwalimu mmoja alimwona mtoro akamwadhibu. Kijana, kwa kuona haya, akaacha kumeza vidonge siku za masomo. Wiki haikwisha, miguu ikavimba, akalazwa. Je, ni ugonjwa uliomshinda, au ni sisi?

Mahitaji yake si mengi. Apewe ruhusa ya kutoka darasani bila kuulizwa. Githeri yake ipakuliwe kabla ya sufuria kutiwa chumvi. Apimwe uzani kila asubuhi. Akiongeza kilo 2 kwa siku 3, huenda hayo ni maji wala si unono, basi apelekwe kwa daktari upesi. Ikiwa ameandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, asizuiliwe kwenda kliniki. Asilazimishwe kushindana mbio, wala asikatazwe mazoezi mepesi aliyoruhusiwa na daktari.

Nanyi wanafunzi, msimwite mwenzenu mvivu anapopumzika njiani. Tena, mmoja wenu akiumwa koo pamoja na homa, asinyamaze; amwambie mwalimu ili atibiwe mapema.

Hospitali hutoa dawa, lakini mtoto hushinda shuleni. Tusipomwezesha kuzitumia huko, juhudi za madaktari na gharama wanazobeba wazazi zitakuwa kazi bure.