Mwezi Mchanga wa Mawe Mjini Buxton

Mjini Buxton, katika vilima vya Derbyshire nchini Uingereza, maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 27 hivi, kiangazi na kipupwe. Warumi waliyaoga, wakapaita mahali hapo Aquae Arnemetiae. Karne ya 16 Malkia Mary wa Scotland, akiwa kifungoni, aliruhusiwa kwenda huko kutafuta nafuu ya maungo. Karibu na chemchemi hiyo ndipo Duke wa tano wa Devonshire, aliyevuna faida kubwa kwa machimbo ya shaba ya Ecton, alipomtaka msanifu John Carr ajenge kitu cha kushindana na mji wa Bath. Ujenzi ulianza 1780 ukaisha 1789.

Carr alilipinda jengo mithili ya mwezi mchanga, nalo likaitwa hivyo hivyo: Crescent. Chini aliweka baraza ya matao ili wageni watembee bila kulowa, busara kubwa katika mji usiokaukiwa mvua. Ndani mlikuwa na hoteli, nyumba za kupanga na ukumbi wa dansi wenye dari ya plasta iliyonakshiwa.

Kisha tiba ya maji ikapitwa na wakati. Hoteli ya upande mmoja ilifungwa 1989. Upande wa pili, ukumbi wa dansi ulikuwa umegeuzwa maktaba. Nao ukafungwa 1992 kwa kuwa jengo halikuwa salama tena. Mwaka uliofuata serikali za mitaa zikalichukua, likazibwa lisivuje. Lakini kuziba paa ni jambo moja, kumpata wa kuishi chini yake ni jingine.

Mawe yaliyoliwa na plasta iliyobanduka ni kazi wanayoijua mafundi. Kilichotisha zaidi kilikuwa chini ya sakafu. Maji ya Buxton hutiwa chupani na kuuzwa, hivyo shimo lililochimbwa vibaya lingeweza kuyachafua au kuyapotosha njia. Haki za maji na uhaba wa fedha viliburuza mradi wa ukarabati miaka mingi, hata mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa ukachangia.

Oktoba 2020 jengo lilifunguliwa likiwa hoteli yenye mabwawa ya maji yale yale. Mwezi uliofuata, Uingereza ikafunga hoteli zake kwa sababu ya korona. Mbele ya jengo, kwenye kisima cha Mtakatifu Anne, maji hutiririka bure kwa yeyote anayekuja na dumu.