Kisangani: Gari ya zamani ya mashindano, furaha au shimo la feza?

Katika njia za Makiso na Mangobo, usafiri wa kila siku ni mambo ya toleka na pikipiki. Gari ndogo ya mwendo wa kasi, ya miaka ya 1960 au 1970, iliyoinuliwa juu na kufungwa taa kubwa mbele, si kitu ambacho wakaaji wa Kisangani hukiona kila siku. Lakini vijana wengi wa Boyoma Singa Mwambe wanaona picha za magari hayo kwenye simu zao, na wenye uwezo kidogo wanajiuliza: je, inawezekana kununua moja, kuileta mpaka hapa na kuifurahia?

Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Jibu refu linahusu karatasi, kutu, freni na njia ya kutoka Kasindi mpaka Kisangani. Aliyenunua kwa macho tu anaweza kupoteza akiba ya miaka mingi. Aliyenunua kwa akili anaweza kupata gari ambayo watoto wake pia wataiendesha.

Gari iliyonunuliwa ikiwa imetumika

Historia ya magari haya katika eneo letu haianzii katika maonyesho ya matajiri. Inaanzia kwenye matope. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waandaaji walichagua makusudi majira ya mvua. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yalianza, lakini 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 mambo yalikuwa vilevile: waliofika ni 7.

Katika miaka hiyo miwili, mshindi aliendesha Peugeot 404. Gari hiyohiyo ilishinda pia mwaka 1966 na 1967, mikononi mwa Bert Shankland, shofere aliyekuwa anaishi Tanzania. Mwaka 1975 zamu ikawa ya Peugeot 504, na mwaka 1978 ikashinda 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Kwa mkaaji wa Kongo, majina haya si mageni. Peugeot hizo zilifanya kazi ya teksi, ya serikali na ya misioni katika Afrika nzima inayosema Kifaransa. Hata katika kitabu cha V. S. Naipaul cha mwaka 1979, kinachosimulia mji mmoja penye pindo la mto ambao wasomaji wengi wanautambua kuwa Kisangani, muuza duka Salim anafika kutoka pwani ya mashariki akiendesha Peugeot yake.

Lakini mfano mzuri zaidi kwa mnunuzi wa leo ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, akakua katika garaji ya baba yake na kuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544. Gari hiyo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kukimbia mashindano mwaka uliotangulia. Joginder na ndugu yake waliifungua, wakaitengeneza wenyewe, na wakawashinda watu waliokuja na magari mapya ya kiwanda. Baadaye alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo na Mitsubishi Lancer. Mashabiki walimwita Simba.

Kubadilisha gari ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia "gari iliyobadilishwa" wanafikiri rangi kali, mabomba yenye kelele na mipira mipana. Hayo ni ya macho. Gari za Safari zilibadilishwa kwa sababu nyingine: ili zisivunjike.

Springi ziliwekwa ndefu na ngumu ili tumbo la gari lipite juu ya mawe. Chini ya injini kulifungwa bamba la chuma nene. Bodi iliongezwa maungio ya kulehemu katika sehemu zinazobeba uzito. Tangi la esanse lilikuwa kubwa, na mipira ya akiba miwili badala ya mmoja. Taa za ziada zilifungwa juu, ili shofere aone shimo kabla ya kuingia ndani yake.

Tangu mwaka 2003, mashindano ya East African Safari Classic Rally yamerudisha magari ya namna hiyo kwenye njia za Kenya na Tanzania: Porsche 911, Datsun 240Z, Ford Escort na mengine. Mwaka 2011, Björn Waldegård wa Sweden alishinda akiwa na Porsche 911 iliyotayarishwa na garaji ya Tuthill ya Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 68. Ian Duncan wa Kenya naye alishinda mwaka 2013 akiwa na Ford Capri. Hapo gari ya umri wa miaka 40 inakimbia maelfu ya kilometa kwenye vumbi, kwa sababu kila kitu kisichoonekana kimeimarishwa kabla ya kile kinachoonekana.

Wakongomani wanaijua kazi hii kwa njia yao. Mercedes 207, iliyotengenezwa Ulaya kubeba mizigo, iliwekwa viti vya mbao huko Kinshasa, ikatobolewa madirisha na kugeuka basi. Watu waliipa jina la kutisha la "esprit de mort", roho ya kifo. Ni somo linalofaa kukumbukwa: fundi akibadilisha kazi ya gari bila kubadilisha freni na maungio yake, abiria ndiye anayelipa.

Usukani wa kuume, taa za kushoto

Mnunuzi wa Kisangani ana njia mbili kubwa za kupata gari. Ya kwanza ni Kinshasa, halafu mashua au baleinière kwenye mto, safari ya kilometa zaidi ya 1,700. Ya pili ni bahari ya mashariki: Mombasa au Dar es Salaam, kupitia Uganda mpaka Kasindi, Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende kwenye barabara ya taifa namba 4.

Njia ya pili ina tatizo la kwanza ambalo wengi hawalifikirii. Kenya, Uganda na Tanzania wanapita upande wa kushoto, na usukani wa magari yao uko kuume. Kongo inapita upande wa kuume. Shofere mwenye usukani wa kuume akitaka kupita lori lililo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka gari yote imetoka nje. Anahitaji mtu wa kumwangalilia.

Taa pia. Taa za chini za gari iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto zinarusha mwanga upande wa kushoto. Katika Kongo, huko ndiko anakotokea mwenye pikipiki. Mwanga unampiga machoni moja kwa moja. Taa hizo zinapaswa kubadilishwa, si kupakwa rangi.

Kuna mafundi wanaojitolea kuhamisha usukani kutoka kuume kwenda kushoto. Kazi hiyo inagusa usukani wenyewe, pedali, mabomba ya freni na bamba la mbele. Ikifanywa kwa vyuma halisi vya gari ya usukani wa kushoto, inaweza kuwa nzuri. Ikifanywa kwa kukata fimbo ya usukani na kuiunganisha kwa kulehemu, ni hatari: fimbo hiyo ikikatika katika kona, hakuna freni itakayomwokoa mtu.

Jambo la pili ni duane. Serikali imeweka masharti juu ya umri wa magari yanayoingia na juu ya upande wa usukani. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kwenda DGDA na OCC kuuliza kabla ya kulipa, si baada ya gari kufika mpakani. Gari inayolala mpakani inaongeza deni kila siku.

Jambo la tatu ni usalama. Sehemu za barabara kati ya Kasindi, Beni, Komanda na Mambasa zimeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF. Magari hupita kwa msafara chini ya ulinzi. Wakati wa mvua, malori yanaweza kukwama kwenye matope kwa siku nyingi. Gari ya chini ya mashindano inapaswa kupakiwa juu ya lori. Haifai kuendeshwa yenyewe katika safari hiyo ya kilometa zaidi ya 700 kutoka Beni mpaka Kisangani.

Sumaku mfukoni

Kabla ya bei, kuna ukaguzi. Chombo cha kwanza ni cha bei ndogo kabisa: sumaku. Mnunuzi anaipitisha juu ya bodi. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki badala ya chuma. Sehemu za kuchunguza zaidi ni chini ya milango, sakafuni, na pale springi za mbele zinaposhikana na bodi. Gari yenye rangi mpya inayong'aa sana ndiyo inayotaka kuchunguzwa zaidi.

Kisangani iko karibu na mstari wa ikweta. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na hewa ina maji siku zote. Kutu iliyokuwa ndogo Nairobi, penye hewa kavu, itakua haraka hapa.

Chombo cha pili ni macho na karatasi. Namba ya chasi na namba ya injini lazima zilingane na karatasi za gari. Kwenye gari iliyobadilishwa, injini mara nyingi si ile ya mwanzo. Hilo si kosa, mradi karatasi zinasema hivyo. Zisiposema, mnunuzi anaweza kukosa karte roze, na siku moja akaambiwa gari ni ya wizi.

Cha tatu ni sikio la fundi. Injini ianzishwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto. Moshi wa buluu unaonyesha kwamba oile inaungua. Moshi mweupe usiokoma unaweza kuonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya injini. Halafu freni zijaribiwe. Kama mwenye gari wa kwanza aliongeza nguvu ya injini na kuacha freni za zamani, bei ya freni mpya iondolewe katika bei ya gari.

Na esanse? Injini nyingi za miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa esanse yenye risasi, ambayo Afrika kusini ya Sahara iliacha kuiuza tangu mwaka 2006. Kwenye baadhi ya injini hizo, viti vya valvu vinakwisha upesi vikitumia esanse ya sasa, na fundi anapaswa kuweka vingine vigumu. Zaidi ya hayo, esanse inayouzwa kwenye chupa kando ya njia, kwa wale wanaoitwa Kadhafi, inaweza kuwa na maji au uchafu. Kabureta mbili au tatu za gari ya mashindano haziwezi kuvumilia hilo. Filta nzuri ni lazima.

Ni busara kuweka kando sehemu ya feza, hata theluthi moja ya bei, kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiyekuwa nayo anunue gari ya bei ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo Peugeot 504 inabaki chaguo la maana kuliko Porsche: ilitengenezwa pia Nigeria na Kenya, usukani wa kushoto unapatikana, na mafundi wengi wazee waliifungua mara nyingi.

Kuifurahia bila kuua mtu

Gari ikifika, swali linakuwa: iendeshwe wapi? Si kwenye njia za mji kwa kasi. Hapo mama mwenye beseni kichwani, mwanafunzi, toleka na pikipiki wanagawana lami ileile. Gari ya zamani haina mifuko ya hewa, na mara nyingi haina freni zinazozuia mipira kuteleza. Mshipi wa usalama ulionunuliwa mpya na mwendo wa polepole ndio ulinzi wa kwanza. Asiransi, vinyete na kontrol tekniki ni wa pili.

Furaha yenyewe iko kwingine. Iko Jumapili asubuhi, wakati njia ni tupu, katika safari fupi mpaka kwenye maporomoko ya Wagenia. Iko katika kuikodisha kwa maarusi wanaotaka picha nzuri, jambo linaloweza kulipa esanse na mipira. Nairobi, tangu mwaka 1970, kuna maonyesho ya Concours d'Elegance ambapo magari hayashindani kwa mwendo: waamuzi wanafungua boneti, wanaangalia chini ya gari, wanatoa alama kwa usafi na hali yake. Mji wenye mafundi kama Kisangani hauhitaji mengi kuanza kitu kama hicho. Unahitaji uwanja, magari machache na waamuzi wasiopendelea.

Zaidi ya yote, iko katika garaji. Gari ya zamani haina kompyuta. Kijana anayejifunza kurekebisha kabureta, kupima valvu na kufunga freni kwenye 504 anapata ufundi atakaoutumia pia kwenye lori na kwenye motopompe. Ndivyo Joginder na Jaswant walivyoanza: katika garaji ya baba, na baadaye na Volvo iliyokuwa imekimbia kabla yao.