Kiingereza cha Kazini: "Look forward to" na ile "to" yake

Juma lililopita tuliishia kwenye anwani na salamu za barua rasmi. Leo tuende moja kwa moja mwishoni, ambako barua nyingi za kuomba kazi huteleza. Mwombaji amejieleza vizuri, vyeti ameambatanisha, wadhamini amewataja, kisha, juu kidogo ya "Yours faithfully", anaandika: "I look forward to hear from you." Ilitakiwa "hearing".

Baadhi ya walimu huuita huo uzembe. Mimi naona wanawaonea wanafunzi. Kwetu, kitenzi chenye ku- hufanya kazi mbili kwa umbo moja: katika "nataka kusikia" ni kitenzi, na katika "kusikia kwake kumepungua" ni nomino kamili yenye ngeli yake. Kiingereza kimezitenga kazi hizo, "to hear" huku na "hearing" kule. Mwandishi wetu akiiona "to", anaisoma kama ku-, na papo hapo anaifuatisha kitenzi kitupu.

Kumbe "to" hii si ile ya "want to". Ni kihusishi, sawa na ile ya "go to school", na kihusishi hudai nomino. Ukiwa na shaka, weka nomino uone. "I look forward to your reply" imekaa sawasawa; kwa hiyo kitenzi kikija mahali hapo, sharti kiwe na -ing. Sasa jaribu "I want to your reply". Imekataa. Kipimo hiki kinafaa pia kwa "object to".

(Wenye lugha wenyewe walilijua tatizo hili zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kijineno kinachovifuata huwasumbua mno wageni.)

Kuhusu "Looking forward" inayoachwa peke yake mwishoni mwa barua pepe: kwa rafiki mliyeahidiana kuonana Jumamosi, haina neno. Ukiandikia ofisi, taja unachokisubiri, na utumie "I look forward"; "I'm looking forward" ina uswahiba ndani yake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni maana. Kitenzi hiki kina furaha ndani yake. Anayekitumia anasema hamu imemjaa. "Kutarajia" kwetu hakuchagui heri wala shari, ndiyo maana mtu huweza kuwaandikia wafiwa kwa nia njema kabisa kwamba "we look forward to the burial", akaonekana anaufurahia msiba. Wafiwa waambie utahudhuria: "we will attend". Na anayetangaza kwamba mafuriko yanakuja aandike "expect". Mkulima aliyekwisha kupanda, akiisubiri mvua ya kwanza, huyo ana haki yote ya "look forward to".