Riwaya Moja kwa Mwezi: Ninunue Ipi?

Kila mwisho wa mwezi natenga fedha ya riwaya moja. Ni moja tu, maana kodi, nauli na ada za watoto zikishatoka, kinachobaki ni hicho. Kwa hiyo nachagua kwa uangalifu: nashika, nageuza, nasoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama, nauliza bei, naondoka, kesho narudi. Miaka ya kufanya hivyo hapa Dar es Salaam imenionyesha kwamba bei ya riwaya ya Kiswahili haifuati uzuri wake. Inafuata mtaala.

Tazama Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Imesomwa sana kidato cha tano na cha sita, na mwanafunzi akishafanya mtihani huiuza, ikaishia kwa wanaotandaza vitabu kando ya barabara. Yangu niliipata huko kwa shilingi 4,000. Kila pambizo limejaa wino wa bluu: "dhamira", "usaliti", "nafasi ya mwanamke". Nilimaliza kitabu nikiwa nimebishana na huyo mwanafunzi nisiyemjua kurasa nzima, hasa pale alipomhukumu Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Kwa fedha hiyo sijui starehe gani nyingine ningepata mjini. Ni riwaya ya Zanzibar ya siku za mwisho za mkoloni, na nguvu yake imo katika mazungumzo. Watu wanapendana, wanafichana, wanapanga njama, nawe unawasikia kama wako chumba cha pili. Sura za siasa, kwa maoni yangu, zina pumzi fupi kuliko zile za mapenzi.

Sasa itafute Haini, ya mwandishi huyohuyo. Longhorn waliichapa Nairobi mwaka 2003. Inasimulia yaliyowakuta waliokamatwa Zanzibar baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, na Shafi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliowekwa kizuizini. Mimi sijawahi kuikuta chini kwenye turubai. Inabidi uiagize, na kitabu cha kutoka Nairobi hubeba gharama zake njiani: kubadilisha fedha, parseli ya basi, na kodi pia, maana sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Ukijumlisha, Haini moja inakula fedha ya Vuta n'kuvute kadhaa za mtumba. Bado nasema inunue. Vuta n'kuvute nimeisoma mara moja nikatosheka. Haini ilisomwa nyumbani kwangu, ikavuka ukuta kwa jirani, ikaenda Tanga kwa dada yangu, ikarudi jalada limelegea. Tuseme imegharimu shilingi 25,000 na imesomwa mara 6: kila usomaji umegharimu kama shilingi 4,200, karibu sawa na ile ya mtumba iliyosomwa mara moja.

Hicho ndicho kipimo changu, na kwa kipimo hicho kitabu kinachoonekana ghali kuliko vyote dukani huwa rahisi kuliko vyote rafuni. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, haifiki kurasa 100. Ukigawa bei kwa kurasa utasema umeibiwa. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuambulia kitu ila woga. Mara ya pili nikaanza kuona njia. Sasa nimeisoma mara 4, na kila mara nakuta chumba ambacho sikukiingia. Lakini kwa anayeanza leo kusoma riwaya, simpi Nagona wala mwenzake Mzingile. Aanze na Rosa Mistika, amzoee mwandishi akiwa bado anasimulia mambo ya nyumbani na shuleni, ndipo afuatane naye gizani.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la Abdulrazak Gurnah. Tangu apate Nobeli mwaka 2021 kila mtu anataka kumsoma, na kwa riwaya yake ya mwaka 1994 msomaji wa Kiswahili ana njia mbili. Kuna Paradise ya Kiingereza, ambayo ikija mpya inakuja na bei ya ng'ambo, na kuna Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nimezisoma zote mbili, moja baada ya nyingine, penseli mkononi.

Chukua Peponi, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Kiingereza kinalazimika kuzunguka ili kueleza mtoto huyu ni nani katika nyumba ile: si mtumwa, si mtumishi, si ndugu. Kiswahili kina neno la kale na kali, rehani, na mtu wa pwani akilisikia hahitaji maelezo. Halafu kuna wapagazi wa msafara unaoingia bara, matusi yao, utani wao, dua zao. Katika Kiingereza niliwasikia kama watu wanaozungumza nyuma ya pazia. Katika Peponi pazia limeondolewa. Kuna mahali nilicheka kwa sauti ndani ya daladala, jambo ambalo Paradise haikunifanyia.

Unachokosa ni sentensi ya Gurnah yenyewe, ile iliyotulia, inayosimulia ukatili bila kupandisha sauti. Ule umbali ni sehemu ya ufundi wake, na anayetaka kujua Gurnah anaandikaje, si anasimulia nini tu, hana budi kumsoma kwa lugha aliyoandikia. Kama una nia ya kuendelea hadi Afterlives ya mwaka 2020, inayowafuata askari wa Mjerumani na watu wa mji mdogo wa pwani, anza na Paradise kwa Kiingereza, maana vitabu hivyo viwili vinaitana. Mwenye fedha ya kimoja tu, akitaka kulia na kucheka na Yusuf, jibu langu ni Peponi.

Kuhusu kopi za wizi nina neno gumu. Mwaka fulani nilimnunulia mpwa wangu kitabu cha darasani kwa nusu ya bei, katika duka ambalo sitalitaja. Jalada lilikuwa safi. Kufika ndani, ukurasa wa 112 ukafuatwa na wa 129. Kurasa 16 hazikuwemo, na sura iliyokatika ndiyo aliyoulizwa kwenye mtihani wa majaribio. Nusu bei ile ikawa bei na nusu, maana ilibidi ninunue tena. Na mwandishi wa kopi kama hiyo hapati hata senti. Sasa kabla ya kulipa nahesabu kurasa, napitisha kidole juu ya wino kuona kama unatoka, natazama kama herufi za pembeni zimekatwa. Muuzaji akikasirika, naondoka.

Simu siipendekezi kwa riwaya. Kitabu cha kwenye simu hakivuki ukuta kwenda kwa jirani.

Kabla ya kununua kitabu nisichokijua napita Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo lililofunguliwa mwaka 1967. Nilikaa pale Jumamosi mbili na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, ambamo mzimu wa babu unamrudia mjukuu wake, K, mkubwa mwenye gari na dhamiri iliyolala. Kufikia katikati nilijua ni kitabu cha kuwa nacho, nikakiagiza kwa bei kamili bila kunung'unika. Vingine vitatu nilivirudisha rafuni, na fedha yake ikabaki mfukoni.

Tangu mwaka jana tumeanza mchezo wa vitabu, watu watano, kama ule wa fedha. Kila mmoja ananunua riwaya moja, tofauti na za wenzake, na kila mwezi zinahama mkono. Kwa bei ya moja unasoma tano, na asiyetunza kitabu analipa kipya. Hilo tulikubaliana siku ya kwanza. Kwa mzunguko huo ndipo nilipopata Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda tuzo ya Mabati-Cornell. Niliianza baada ya isha, nikaifunga adhana ya alfajiri ikilia. Jumamosi inahamia kwa mwenzangu wa Kigamboni. Mwisho wa mwezi huu nanunua nakala yangu, mpya, dukani.