Kicheko cha Mtani: Kwa Nini Riwaya za Familia Zenye Vituko Hutuvutia

Katika semina zetu kuna tabia imezoeleka mno. Riwaya ikishachekesha, basi, inashushwa daraja. Utasikia eti haina dhamira nzito, ni ya kusomea ndani ya basi. Niliposema kwamba nimeisoma A House for Mr Biswas ya V. S. Naipaul mara tatu, na kila mara nikacheka hadi mwenzangu wa chumbani akauliza kulikoni, mwanasemina mmoja alinijibu: "Hiyo si hadithi ya mkwe na mashemeji kugombana jikoni? Ukombozi uko wapi humo?" Swali ni zuri, na makala haya ni jibu langu. Hoja yangu ni kwamba riwaya za aina hii hutuvutia kwa sababu kicheko chake ni kicheko cha mtani.

Mtani msibani

Sote tunaujua utani, ila mara nyingi tunauchukulia kama mizaha tu ya Wapare na Wachaga. Mahali pa kuuona vizuri ni msibani. Alipofariki babu yangu, watani walifika kabla ya baadhi ya ndugu. Mmoja alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akazunguka uani akivuta mguu na kufoka kwamba chai haina sukari, kama babu alivyofoka miaka yote. Waliokuwa wanalia walicheka, kisha wakalia upya. Na mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe akaingia kaburini kuchimba. Anayecheka ana haki ya kucheka kwa kuwa ana wajibu wa kuzika. Mpita njia akifanya vituko vile atapigwa, na atakuwa amejitakia.

Tukumbuke pia kwamba mtani haigi ovyo. Ili auige mguu ule, ni lazima awe ameutazama kwa miaka mingi.

Bwana tangu siku ya kwanza

Sasa tumwangalie Naipaul. Riwaya hii ilitoka mwaka 1961. Mandhari yake ni Trinidad, miongoni mwa vizazi vya Wahindi waliopelekwa huko kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mohun Biswas anazaliwa na vidole sita, ametanguliza miguu, na mganga wa nyota anatabiri mikosi: chafya yake ina nuksi, na asikaribie maji. Tunacheka, maana mtoto akipiga chafya baba haendi kazini. Kisha mtoto anampoteza ndama wa jirani, anajificha chini ya kitanda kwa woga, na baba, akidhani mwanawe amezama bwawani, anapiga mbizi kumtafuta na kufa maji. Utabiri tulioucheka umetimia, na mwandishi hakutuonya mahali popote kwamba kicheko kimekwisha.

Tazama fani ilivyotumika. Msimulizi anamwita "Bwana Biswas" tangu angali mchanga. Kichanga, eti Bwana! Ni kichekesho, ndiyo. Lakini baadaye wakwe watamdhihaki na ulimwengu utamnyima kila heshima, ilhali msimulizi hamvui ubwana huo hadi anakufa. Mzaha wa ukurasa wa mwanzo unageuka kuwa heshima, bila neno lenyewe kubadilika.

Akiwa kijana anakwenda kuchora matangazo kwenye duka la ukoo wa Tulsi. Anamwandikia binti mmoja, Shama, kijibarua cha mapenzi; kijibarua kinafika mikononi mwa mama mtu, na kabla Biswas hajajua analofanya, ameshaozwa. Anaingia Hanuman House, jumba lililojaa mabinti, waume zao na watoto wasiohesabika, wote chini ya Bibi Tulsi na shemeji yake Seth. Biswas hana mali, ana ulimi tu. Anawabandika watu majina. Vijana wawili wa kiume wa ukoo anawaita miungu. Kwa vituko vyake anapokea kipigo. Jamani, nani kati yetu aliyekulia katika nyumba ya wajomba na mashangazi asiyeyajua haya?

Krismasi moja anamnunulia binti yake Savi nyumba ya mwanasesere, wakati watoto wengine wa ukoo wamepata vizawadi vidogo vinavyolingana. Chuki inazuka. Mwishowe Shama mwenyewe anaivunja nyumba ile vipande vipande, apate kuendelea kuishi na dada zake. Mhakiki anayemsaka mhusika mbaya atatoka hapa mikono mitupu. Shama ni mama aliyebanwa pande mbili. Na ukoo huo unaomnyanyasa Biswas ndio unaompokea na kumuuguza akili yake inapovurugika.

Nyumba yenye kasoro

Baada ya kuhamahama miaka mingi, Biswas ananunua nyumba katika mtaa wa Sikkim, Port of Spain, kwa dola 5,500, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo. Ameshanunua ndipo anapoziona kasoro: ngazi mbovu, madirisha yasiyofungika vizuri. Wanakuja wageni, akina Tuttle, na familia nzima, bila kupanga, inasaidiana kuzificha. Wageni wanaondoka wameduwaa kwa uzuri wa nyumba.

Hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Baba yangu alichimba msingi nikiwa darasa la kwanza. Naingia chuo kikuu, vyumba viwili tu ndivyo vimekamilika, na dirisha la sebuleni limezibwa kwa bati. Mgeni akibisha hodi, mama hutundika khanga mbele ya lile bati, na dada huwahi kukalia kiti chenye mguu mbovu ili mgeni asikikalie. Hakuna aliyetuagiza. Miaka yote niliionea haya ile khanga. Baada ya kuwasoma akina Tuttle siioni tena vile.

Utani na dharau

Najua wengine mtasema: huyu Naipaul si ndiye aliyetudharau Waafrika? Hoja hiyo siikwepi. Alikaa Makerere mwaka 1966, na mwaka 1979 akatoa A Bend in the River, ambayo msimulizi wake, Salim, anatoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kejeli imo humo pia, ila kwangu mimi ina ubaridi: anayecheka yuko juu dirishani, wanaochekwa wako barabarani. Hana wa kumzika.

Kwa Biswas anaye. Mhusika huyu ametokana na baba yake mwandishi, Seepersad Naipaul, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Trinidad Guardian. Alifariki mwaka 1953 mwanawe akiwa masomoni Oxford, na mwana hakurudi kuzika. Miaka minane baadaye ikatoka riwaya inayofungua kwa kifo cha Biswas, akiwa na umri wa miaka 46. Mimi naisoma kama koti la marehemu, limevaliwa na mtani aliyechelewa kufika. Mkono ni wa mwandishi yule yule. Kilichobadilika ni wajibu wake kwa anaowacheka.

Hitimisho

Nasi tunazo riwaya za namna hii. Katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1980, mke anarudishwa kwao kwa sababu ya matusi ya ndugu za mume juu ya utasa, na mume analazimika kutengeneza pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Shughuli ya pombe inachekesha, lakini uchungu wa kukosa mtoto hauondoki hata mstari mmoja. Tuisome tena kwa jicho hili.

Napendekeza basi kipimo rahisi. Tukikutana na riwaya ya kuchekesha juu ya familia, tuulize: huyu anayecheka angeshika jembe? Kama jibu ni ndiyo, dhamira yake ni nzito ya kutosha. Na yule mwenzangu aliyeuliza ukombozi uko wapi, namjibu kwamba uko mtaa wa Sikkim: mzawa wa watu waliopelekwa kwa mkataba kulima miwa ya wengine amekufa chini ya paa lake mwenyewe, deni la dola 3,000 likiwa bado halijalipwa. Mwenye hoja tofauti aandike. Mjadala bado mbichi.