Wenye boti wapangiwa nauli na abiria wao

BOMBOLULU wengi waijua kwa karakana za watu wenye ulemavu, zilizoanza mwaka 1969. Lakini siku ya sikukuu utawaona watu wa mtaa huu, mabibi kwa mabwana, watoto na vikapu vya vyakula, wakingoja matatu za kuwapeleka ufuo wa Jomo Kenyatta, ule uitwao Pirates. Utingo akitaja nauli, watanuna kidogo kisha watalipa. Wafikapo mchangani, msomaji, watu hao hao huwa wengine kabisa.

"Kwani twaenda Lamu?" ndiyo salamu apewayo mwenye boti ya kioo akitaja bei. Mtu aweza kuwa na umri wa baba yake, naye amwita "we kijana!" na kumkatia bei nusu. Mwenye boti hukubali. Afanyeje, na maji yatoka?

Huyo abiria haoni petroli, wala mashine inayoliwa na chumvi, wala mbao zinazotaka kukalafatiwa, wala leseni. Tiketi ya kuingia katika hifadhi ya bahari, iliyotengwa mwaka 1986, huenda kwa shirika la wanyamapori, lakini yeye huihesabu kuwa faida ya nahodha. Hata kijana aliyemshika mkono na kumleta botini ana fungu lake. Hapo bado hatujataja kusi, ambapo bahari huchafuka, maji hupoteza weupe na boti zikalala mchangani siku nenda siku rudi.

Jambo linalouma zaidi ni saa. Matumbawe na samaki huonekana vizuri maji yakiwa yametoka, na maji hayana saa moja ya kudumu. Leo na kesho hupishana kwa kiasi cha dakika 50. Mtu aliyeagana na nahodha saa tatu huja saa sita, ameshiba pilau, akute maji yamejaa na chini hapaonekani kitu. Basi hudai arudishiwe pesa, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani anayeuza mihogo. Jina la chombo likishaharibiwa hivyo mbele za watu, abiria wengine huenda boti ya pili.

Tena kuna ubishi wa kujazana. Familia ya watu kumi na wanne yataka kupanda pamoja boti ya watu kumi, na jaketi za kuokolea maisha hawazitaki kwa kuwa zaharibu picha. Nahodha akikataa, aambiwa ana maringo. Mombasa ndipo penye Mtongwe, ambapo tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka na zaidi ya watu 270 wakafa. Nadhani mji wenye kumbukumbu hiyo ungemshukuru mtu anayesema "hapana, chombo kimetosha."

Nao wenye boti si malaika. Wapo wanaomwona mgeni wakaipandisha bei mara tatu, na wapo wanaosahau kufua maji hadi abiria aloe miguu. Lakini wengi wana chombo kimoja tu, na wale wanne walioachwa ufuoni wakienda zao kwa jirani asiyehesabu vichwa, safari yote ya leo imekwenda naye.